Siku yangu gereji: betri ya pili kwenye Hiace ya wageni

Saa 2 asubuhi. Nafungua banda Mwanakwerekwe, hapa Unguja, Hiace ipo tangu jana jioni. Dereva wake ni mtu mzima, mimi namwita ami. Hupeleka wageni Kizimkazi kutazama pomboo, na nyuma ya viti ana friji ndogo ya volti 12. Wageni wakiwa baharini gari imezimwa, friji inakula betri ile ile ya kupigia stata. Wakirudi, gari haiwaki. Leo anataka betri ya pili.

Saa 2:30. Napima kwanza. Gari imelala usiku kucha, betri inasoma volti 12.6, nzima. Nikiwasha, 14.2. Alternata, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ikiwa mbovu hailishi hata betri moja, kwa hiyo bila ya vipimo hivi sigusi kazi.

Saa 3. Ami ametoa mfuko wenye waya aliouziwa: waya wa spika. Nimeukataa.

"Fundi, si unapitisha umeme huo?"

"Unapitisha ami, lakini utaungua."

Betri ya pili ikiwa imeisha huvuta ampea nyingi sana injini ikiwaka. Waya mwembamba hupata moto, na volti hupotelea njiani. Mimi naweka waya wa shaba wa milimita za mraba 16, na fyuzi mbili za ampea 80, kila moja karibu kabisa na betri yake. Mafundi wengi huweka moja tu, na hilo linaniuma, kwa sababu waya huu una umeme pande zote mbili. Ukichunika katikati ukagusa bodi, fyuzi ya mbele itakata, lakini betri ya nyuma itaendelea kumwaga umeme mpaka gari ishike moto na watu wamo ndani.

Katikati inakaa relei, swichi ya umeme inayojiendesha yenyewe kwa kusikiliza volti. Zikifika 13.3 inaunganisha betri mbili, zikishuka 12.8 inaachia. Stata inabaki na betri yake.

Saa 5. Waya wa bodi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari. Hapa ndipo ninapochukua muda. Nakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, nafunga bolti, kisha napaka grisi juu. Kuna waya wa zamani wa redio humu ndani: nimeumenya kidogo, shaba yake imekuwa nyeusi chini ya plastiki, na mwishoni ina unga wa kijani. Ndiyo chumvi ya hewa yetu hiyo. Kiungo cha kusokota na kuzungushia tepu hakidumu hapa.

Adhuhuri. Sala, wali na mchuzi wa samaki.

Saa 8. Betri yenyewe ni AGM ya ampea-saa 100, betri ya risasi iliyofungwa isiyo na maji ya kumwagika. Ya maji singeiweka chini ya kiti cha abiria, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayoripuka. Friji nayo inapata waya wake na fyuzi ya ampea 15. Ikifanya kazi inakula kama ampea 4, na nusu tu ya betri ni ampea-saa 50, yaani kama saa 12 za friji, kwa hiyo safari ya pomboo haiimalizi.

Saa 9:30. Nawasha. Baada ya muda relei inalia "tak". Mbele 14.1, nyuma 13.9. Nazima, volti zinashuka polepole, "tak" tena, zimeachana. Friji inanguruma, stata inapiga mara moja.

Saa 10. Bado jambo moja. Kisiwa chetu kidogo. Kizimkazi mpaka mjini ni kama saa moja, na betri ya risasi iliyotumika sana haijai kwa saa moja. Sehemu ya mwisho huingia taratibu mno. Isipojazwa kila siku, inakufa mapema. Namwambia ami achaji usiku kwa umeme wa nyumbani. Hakupenda, alidhani alternata inatosha. Nimemwonesha mita, akatazama kimya, kisha akaniuliza bei ya chaja. Natoboa karibu na mlango nimwekee soketi ya kuchomekea, asilazimike kufungua kiti kila usiku.