Nilivyoamua kuweka silikoni za matiti, na wiki zilizofuata

Baada ya kumwachisha ziwa mtoto wangu wa pili, matiti yalinywea. Hayakuanguka sana, ila upande wa juu ulibaki mtupu na kila sidiria ikawa inapwaya. Nilikaa na jambo hilo moyoni zaidi ya mwaka kabla ya kulitamka. Naandika kwa sababu wanawake wanaonijia huniuliza bei na jina la daktari basi, na huwa nataka waniulize pia nani alimbeba mtoto wangu nilipokuwa siwezi kuinua mikono.

Wa kwanza kumwambia alikuwa dada yangu mkubwa. Hakunikataza. Aliniuliza tu, "Wafanya kwa ajili ya nani?" Nikamwambia ni kwa ajili yangu. Akasema basi nikae na jibu hilo mpaka Ramadhani ipite, nikiliona bado ni lile lile, tuendelee. Likabaki lile lile. Mume wangu yeye aliogopa kisu, na sikuona sababu ya kumlaumu, kwa hiyo tukapanda treni ya Nairobi pamoja.

Kliniki ya kwanza tuliyoingia walikuwa tayari kunipasua wiki hiyo hiyo ilimradi nilipe, bila hata kunipima. Tukatoka. Nikarudi kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, ambayo mtu yeyote aweza kuifungua mtandaoni, nikatafuta aliyesajiliwa kama bingwa wa upasuaji wa plastiki. Picha nzuri za Instagram si ubingwa.

Huyo tuliyempata alianza kwa maswali. Kwetu kuna saratani ya matiti? Navuta sigara? Nataka kuzaa tena? Akanituma ultrasound kwanza. Kisha akasema, "Mama, silikoni si za maisha. Kwa umri wako, jihesabu kwamba siku moja utarudi mezani." Akanieleza kwamba mwili hujijengea utando kuzizunguka, na kwa wengine utando huo hukaza mpaka titi likawa gumu na kuuma. Zaweza pia kupasuka ndani kwa ndani usijue. Nikamuuliza kuhusu saratani ile adimu ya limfu iliyohusishwa na silikoni za uso wa kukwaruza, iliyofanya zile za BIOCELL za Allergan ziondolewe sokoni dunia nzima mwaka 2019. Alinijibu bila kukwepa: zangu zingekuwa za uso laini, na ningepewa kadi yenye jina la kampuni na namba ya silikoni ya kila upande. Kadi hiyo niliitilia mkazo, maana nilikuwa nimesoma jinsi kampuni ya PIP ya Ufaransa ilivyogunduliwa mwaka 2010 ikitumia silikoni isiyoidhinishwa kwa matibabu, na wanawake wakahangaika kujua wamewekewa nini.

Ukubwa niliuamua kwa mchele. Kikombe cha kupimia ni kama mililita 240, basi nikajaza mchele kwenye soksi nyembamba, nikafunga fundo, nikazitia ndani ya sidiria na kushinda nazo nyumbani chini ya dera. Nikafagia, nikakuna nazi, nikapanda ngazi. Mwanzo nilitaka mililita 400. Kufika jioni mabega yanauma, na kwenye kioo simwoni mtu ninayemjua. Nikapunguza kidogo kidogo mpaka chini ya 300, na daktari alipopima upana wa kifua changu akasema hapo ndipo penyewe. Kwa maoni yangu, mtu asikubali ukubwa wowote ambao hajashinda nao kutwa.

Kabla ya upasuaji niliachishwa aspirini na ibuprofeni kwa sababu huzidisha kutoka damu. Nililazwa kwa dawa ya usingizi kamili, nikachanwa kwenye mkunjo wa chini ya titi, silikoni zikawekwa nyuma ya msuli. Nilipozinduka nilihisi kama mtu amenikalia kifuani.

Maumivu makubwa hayakuwa ya mshono. Yalikuwa ya msuli, na msuli huo hutumika kwa kila kitu: kuvuta mlango, kufungua chupa ya maji, kujiinua kitandani. Nililala nusu nimekaa, mito mgongoni na miwili ubavuni nisigeuke. Dera za kupitisha kichwani zilinishinda, nikavaa za vifungo mbele, na mtandio nilifungwa na dada. Mama mkwe alikuja kukaa nasi, na kila nikijaribu kunyanyua sufuria nasikia, "Mwanangu, acha hiyo." Mtoto alifundishwa kupanda kochi mwenyewe na kukaa ubavuni kwangu. Bila watu hawa nisingefika zile wiki 6 za kutobeba kitu kizito.

Dawa za maumivu zilinifunga choo, nikaokolewa na papai na maji mengi. Pia nililia sana bila sababu, siku zile ambazo matiti yalikuwa juu juu, magumu, yanang'aa, moja limevimba kuliko jenzake. Usiku mmoja nilimpigia daktari kwa hofu. Akaniuliza kama nina homa, wekundu unaosambaa, usaha, au titi moja limefura ghafla. Sikuwa na hata moja, akaniambia nisubiri. Yalishuka taratibu, yakalainika. Chuchu ya kushoto ilikaa na ganzi miezi kadhaa kabla ya kurudi.

Nayapenda. Nguo zinakaa, nami nasimama wima. Kadi yangu iko pamoja na pasipoti, na dada ana picha yake kwenye simu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hushauri kipimo cha ultrasound au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3, hata kama huhisi kitu. Nikienda mamogramu nitamwambia mpigaji picha kabla hajaanza, kwa sababu silikoni huficha sehemu ya titi na picha za ziada huhitajika. Pesa za vipimo hivyo, na za kuzitoa silikoni siku ikifika, naziweka pembeni kila mwezi.