Kitu Halali Kilichonitawala

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi.

Juma hili nimekosa amani. Jumatano, mwishoni mwa kipindi cha Biblia, kijana wetu mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mzee, siku serikali ikiruhusu bangi, kuvuta itakuwa bado dhambi?" Wengine wakacheka. Nikamjibu harakaharaka, kwa sauti ya mtu anayetaka mjadala ufe, kwamba mwamini hana habari na bangi, iruhusiwe isiruhusiwe. Akainamisha kichwa. Tulipomaliza kuomba, aliondoka bila kumpa mtu mkono.

Swali lake lilikuwa la haki. Uruguay walipitisha sheria ya kuiruhusu mwaka 2013, Kanada wakafuata mwaka 2018, na mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua kwamba mtu mzima anayevuta faraghani kwake si mhalifu. Ujerumani nayo ikalegeza sheria yake Aprili 2024. Waamini wa huko waliamka siku moja wakakuta lile walilozoea kulikemea kwa kusema "utafungwa" halifungi mtu tena. Kama mafundisho yetu yote yameegemea kwa polisi, siku hiyo tutaegemea wapi?

Wapo wanaoleta Mwanzo 1:29, kwamba Mungu alitupa kila mche utoao mbegu. Aya ile inazungumzia chakula, na mimea yenye sumu nayo ina mbegu, tusiichoshe. Wapo pia ndugu wanaokataa hata dawa inayotokana na mmea huu. Hao nawasihi wamhurumie mtoto mwenye kifafa kikali, kwa maana tangu mwaka 2018 Marekani imeidhinisha dawa ya kanabidioli, inayotoka kwenye bangi wala hailevyi. Mimi binafsi nisingependa bangi ya starehe iuzwe madukani. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na anayeanza mapema akavuta kila siku anajiweka katika hatari kubwa zaidi ya kuugua akili. Wala sipendi kijana amalize ujana wake gerezani kwa ajili ya msokoto mmoja. Watunga sheria tuwaombee hekima. Lakini kijana wetu hakuwa anauliza habari za bunge.

Paulo anasema, "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote" (1 Wakorintho 6:12). Andiko hili nimelifundisha mara nyingi, nanyi mmenisikia. Juma hili limenigeukia mimi.

Nilipofiwa na mke wangu, daktari aliniandikia vidonge vya usingizi vya wiki mbili. Nilivimeza karibu miaka miwili. Nilizunguka duka hili la dawa na lile ili sura yangu isizoeleke. Asubuhi nilisimama kuongoza maombi ulimi ukiwa mzito, na ninyi mkadhani nimekesha mbele za Bwana. Mlinihurumia. Hakuna aliyeninong'ona, kwa sababu kilichonitawala kilikuwa na cheti cha daktari. Nilikuwa mtumwa halali kabisa, wapendwa! Na siku nilipojaribu kuacha kwa nguvu zangu, nilitetemeka hadi alfajiri, nikarudi kwa daktari nikilia, akanipunguzia kidogo kidogo kwa miezi.

Basi nawauliza kwa upendo, nikianza na nafsi yangu: kwa nini tukinusa moshi kwenye koti la kijana mlangoni tunawavuta watoto wetu wasikae karibu naye? Wagalatia 6:1 inatuagiza kumrejeza aliyeghafilika kwa roho ya upole, tukijiangalia nafsi zetu. Upole ule tumeupeleka wapi? Tunataka aje akiwa amekwisha kupona, ndipo tumpe kiti. Kristo hakumngoja hata mmoja wetu hivyo. Na anapojaribu kuacha, tumsaidie kwa maarifa pia. Aliyezoea kuvuta kila siku akiacha huweza kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kuwa mwepesi wa hasira kwa siku kadhaa, hata wiki. Msikimbilie kusema ni pepo. Mwili wake unadai ulichozoezwa. Anahitaji mtu wa kukaa naye usiku, na mtaalamu wa afya wa kumwongoza, na maombi yetu yasiyokoma. Akianguka tena, tumfuate tena. Mkimwona anachelewa ibadani, mpigieni. Asipopokea, mwendeeni.

Ijumaa nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia (naye ameniruhusu kuwaandikia, bila jina) kwamba amekuwa akivuta tangu akiwa na miaka 16, na kwamba usiku asipovuta hapati usingizi. Alikuwa ameuliza Jumatano kwa sababu alitaka kujua kama sheria ikibadilika, atakuwa huru.

Nikamweleza habari za vidonge vyangu. Hakuwa amejua. Akauliza, "Mzee, usiku ule wa kwanza bila hata kimoja, ulifanyaje?"

Tulizungumza hadi saa nane. Jumanne tunakwenda pamoja kumwona daktari. Mtukumbuke wote wawili mnapoomba.