Mwenye kidonda cha sukari mpeni chakula jamani

Hii tabia ya mgonjwa wa sukari kupata kidonda mguuni afu nyumba nzima inaanza kumnyima chakula inanikera sana. Shangazi yangu alikuwa na kidonda chini ya dole gumba, nesi anakisafisha vizuri tu, sukari yenyewe ilishashuka, ila kidonda kipo palepale, pembeni ngozi imekuwa ngumu nyeupe, katikati hakijai nyama. Sasa ukiangalia sahani yake, ni dona na mchicha, basi. Nyama hapana eti inachelewesha kidonda, mayai hapana eti yanaleta usaha, maharage eti gesi. Mwenyewe akawa anasema "wanangu, njaa itaniua kabla ya sukari", watu wanacheka.

Jamani hiyo nyama mpya ya kidonda itatoka wapi? Mwili unaijenga kwa protini, na kidonda kinachotoa majimaji kila siku kinaondoka na protini pia, ile gozi ya kufungia kidonda inayolowa sio maji matupu. Mtaalamu wa lishe kliniki alitupigia hesabu, mwenye kidonda anahitaji kama gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtu wa kilo 60 ni gramu 75 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Hapo kwenye dona na mchicha utafikaje?

Na hiyo dona yenyewe watu wanaichukulia kama dawa. Dona ni wanga, ina nyuzinyuzi kuliko sembe sawa, ila ukila mlima sukari itapanda tu, na sukari ikikaa juu zile chembe nyeupe za damu za kupambana na bakteria zinakuwa goigoi.

Basi ugali ukapunguzwa ukawa saizi ya ngumi, asubuhi mayai badala ya chai na mkate mtupu, mchana samaki au dagaa (dagaa wakavu wana protini balaa na bei yao unaiweza), jioni maharage au kunde, mchicha ukabaki tena mwingi, na pera la kutafuna. Pera linalizidi chungwa kwa vitamini C, na bila vitamini C mwili hautengenezi kolajeni ya kushikilia hiyo nyama mpya. Juisi hapana, hata ya pera. Supu ya kongoro naipenda sana ila mchuzi peke yake usiuhesabu kama mlo.

Kidonda kilianza kuwa chekundu, kikajaa taratibu, kufunga kabisa ilichukua miezi. Sisemi ni mayai tu, kipindi hichohicho alipewa kiatu cha kuzuia asikanyagie pale, na kama damu haifiki mguuni au maambukizi yameingia kwenye mfupa hata ule ng'ombe mzima hakifungi.

Ila figo muhimu. Zikiwa zimeshaanza kuchoka hizo gramu zinabadilika, kwa hiyo kabla hujaanza kumjazia mzee wako nyama omba wampime kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) na protini kwenye mkojo, na kama ametumia metformini, vile vidonge vya sukari, miaka mingi ulizia na vitamini B12, hiyo dawa huwa inaishusha, na ikishuka ganzi ya miguu inazidi, mtu anakanyaga msumari hajui.