Kosa lililovaa suti: nilivyohangaika kati ya ESLint na Prettier

Tulikuwa wanne kwenye mradi wa duka la mtandaoni, ulioandikwa kwa lugha ya programu ya JavaScript tupu, na kilichotugombanisha si mshahara wala mteja. Ni nukta mkato. Mmoja anaziweka, mwingine anazifuta. Huyu nukuu moja, yule nukuu mbili. Nikikagua kazi ya mwenzangu nakuta mistari 200 imebadilika, kumbe yenye maana ni mitatu.

Nikapewa kazi ya kuchagua zana ya kutuamua: ESLint, inayokagua msimbo kutafuta makosa, au Prettier, inayoupanga sura? Nikachukua Prettier, maana haina maswali mengi. Inausoma msimbo wako, inatupa mpangilio ulioupenda, inauandika upya kwa mpangilio wake. Vya kubadilisha ni vichache, tena kwa makusudi. Jioni moja nikaipitisha kwenye mafaili yote, nikayatuma kwenye hifadhi ya pamoja ya mradi. Ugomvi ukafa.

Wiki mbili baadaye mteja akalalamika: punguzo halikatwi. Tukafungua faili:

const baadaYaPunguzo = kiasi - punguzo;
return kiasi;

Hesabu imepigwa, halafu kimerudishwa kiasi cha zamani. Na yote yamepangwa vizuri mno, nafasi mbili kushoto, nukta mkato mahali pake. Kosa limevaa suti. Prettier haina lawama. Kazi yake ni sura, haiulizi msimbo unafanya nini. Nilipoijaribu ESLint kwenye faili lilelile, kanuni ya no-unused-vars ilinyooshea kidole mstari wa kwanza: jina limepewa thamani, halijatumika popote.

Basi nikaweka zote mbili, na hapo ndipo nilipokiona cha moto. Nilikuwa nimenakili seti ya kanuni za ESLint zilizotaka nukuu moja. Nikihifadhi faili, Prettier inaweka mbili. ESLint inachora mstari mwekundu. Nikirekebisha, nikahifadhi tena, mbili zimerudi. Kilichonitoa ni eslint-config-prettier, kifurushi cha mipangilio ambacho kazi yake ni kuzima kanuni za ESLint zinazogongana na Prettier. Unakiweka mwisho wa orodha ya mipangilio ya ESLint, la sivyo mipangilio iliyo chini yake inaziwasha tena. (Mwaka 2023 ESLint wenyewe walitangaza kuziacha kanuni zao za mpangilio. Laiti ningejua mapema.)

Sasa Prettier inafanya kazi mtu akihifadhi faili, ESLint inakagua kabla msimbo haujaunganishwa.

Likabaki moja. Tangu ile jioni, git blame, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo) inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho, ilionyesha jina langu kwenye karibu kila mstari, pamoja na ule wa punguzo, na wenzangu hawakuacha kunitania. Nikaandika namba ya badiliko lile kwenye faili la .git-blame-ignore-revs, orodha ya mabadiliko ya kurukwa, nikaielekeza Git ilisome, nikawaita waje wamwone mwenye kosa halisi.

Lilikuwa jina langu vilevile.