Simu ya Mama Mboga Haikuonekana

Mnamo Aprili 2020, siku chache baada ya Nairobi kufungwa kwa sababu ya korona, nilisoma ripoti ya Google iliyoonyesha jinsi watu walivyopunguza kwenda kazini, madukani na kwenye vituo vya usafiri. Alfajiri hizo jirani yangu, mama mboga, alikuwa akisimama mlangoni kusubiri saa kumi na moja, kafyu iishe awahi soko la Marikiti, na kabambe yake, simu ya vitufe iliyofungwa kwa mpira ili betri isichomoke, ameikunja ndani ya leso pamoja na pesa za mtaji. Ripoti ile haikuweza kumwona, kwa kuwa ilitegemea simu janja ambazo wenyewe waliruhusu historia ya mahali kuhifadhiwa. Tena siku za kawaida ilizozitumia kama kipimo cha kulinganishia zilianzia Januari 3, wakati wengi wetu bado tuko njiani kurudi kutoka mashambani.

Siibezi kazi hiyo. Ugonjwa unapoenea kwa kasi, makadirio ya leo yanafaa kuliko hesabu kamili ya mwaka ujao. Kinachoniuma ni kwamba Kenya ilikwisha kuonyesha njia pana zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia rekodi za wateja wa simu karibu milioni 15, za kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009. Simu yoyote, hata ya vitufe, inapopiga au kutuma ujumbe huacha alama kwenye mnara ulioihudumia, na watafiti walipozilinganisha safari hizo na ramani ya malaria, waliona jinsi vimelea vinavyotoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi vikiwa ndani ya damu ya wasafiri, umbali ambao mbu hawezi kuuruka.

Ndiyo maana ningependa wizara za afya zipewe hesabu za minara, lakini ziwe idadi ya safari kati ya eneo na eneo, kamwe zisiwe nyayo za mtu mmoja mmoja. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, uliochunguza rekodi za watu milioni 1.5 barani Ulaya, ulionyesha kwamba hata majina yakifutwa, alama nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu na wenzake wote, kwa asilimia 95 ya waliochunguzwa. Kwa jirani yangu zingekuwa nyumbani usiku, Marikiti alfajiri, kibandani jioni na kanisani Jumapili.