Kapuchino, late na amerikano: zote ni espreso, tofauti ni kilichoongezwa

Menyu ya mgahawa wa kahawa Nairobi au Dar es Salaam huwa na majina kumi na bei kumi, na asiyezoea hudhani kila jina lina buni yake. Sivyo. Vinywaji karibu vyote hivyo vinatoka kwenye mashine moja na kahawa moja, yaani espreso. Kinachobadilika ni maji au maziwa yanayoongezwa, kiasi chake, na jinsi povu lilivyopigwa.

Basi tuanze na espreso. Hilo si jina la buni wala la kiwango cha kukaanga. Ni namna ya kukamua. Unasaga gramu 18 za kahawa ziwe laini, laini kuliko chumvi ya mezani ila zisifikie unga wa ngano. Unazisawazisha kwenye chujio, unazishindilia zikae bapa, kisha maji ya nyuzijoto 90 hadi 96 yanasukumwa humo kwa presha ya bari 9, yaani karibu mara tisa ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Ndani ya sekunde 25 hadi 30 upate gramu 36 kikombeni. Pima kwa mizani, usikadirie kwa macho, kwa sababu krema, lile povu la rangi ya dhahabu juu, hujaza kikombe ukadhani kahawa imetosha.

Tazama inavyotoka. Matone meusi hutangulia, halafu yanaungana kuwa uzi mwembamba unaoteremka kama asali. Ikibubujika na kumalizika kwa sekunde 15, umesaga chenga. Maji yamepita mbio na utakunywa kitu kikali kwa uchachu, chepesi mdomoni. Ikidondoka kwa shida hadi sekunde 45, umesaga laini mno, na uchungu wake utakaa kooni. Ikiruka pembeni au mkondo mmoja ukapauka mapema, kahawa haikusambazwa sawasawa, maji yamejitafutia mpenyo. Rekebisha jambo moja kwa wakati, na aghalabu anza na usagaji.

Krema nayo inasifiwa kupita kiasi. Inatokana na gesi ya kaboni dayoksaidi iliyobaki ndani ya buni baada ya kukaangwa, ndiyo maana kahawa iliyokaa miezi kabatini haitoi krema ya maana. Lakini buni ya aina ya robusta, kama ile ya Kagera, hutoa krema nene kuliko arabika ya Kilimanjaro, na hilo halimaanishi ina ladha bora. Onja kwanza, ndipo uamue.

Kahawa ile ile ukiikatisha mapema, gramu 18 zikatoa 18 hadi 27 tu, ni ristreto: nzito na tamu zaidi. Ukiacha maji yaendelee kupita hadi gramu 54 au zaidi, ni lungo. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya lungo na amerikano. Kwenye lungo maji yote yamepita ndani ya kahawa, yakaendelea kuchuma uchungu. Kwenye amerikano espreso imekamuliwa kama kawaida, kisha ikaongezwa maji ya moto, tuseme mililita 120. Tanguliza maji, espreso ije juu, krema haitavurugika.

Kahawa ya kuchuja kwa karatasi ni ukoo mwingine kabisa. Haina presha: maji yanashuka kwa uzito wake, gramu 60 za kahawa kwa lita moja, na mafuta mengi yanabaki kwenye karatasi. Kahawa chungu ya mwambao, ile ya mdila, birika la kahawa, juu ya mkaa, nayo haina presha. Unga unachemka na maji kisha unatuama chini. Nguvu yake ni ya kweli, ila krema usiitafute humo.

Tuje kwenye maziwa, maana hapo ndipo mgahawa unapojulikana. Kapuchino ni kikombe cha mililita 150 hadi 180, chenye povu la unene wa sentimita moja hivi. Late ni mililita 240 hadi 300, maziwa mengi, povu jembamba. Flati waiti inatoshana na kapuchino kwa ukubwa, lakini povu lake ni jembamba, kwa hiyo kahawa inasikika zaidi. Makiato, kwa Kiitaliano "yenye doa", ni espreso na kijiko cha povu, basi. Na ukiwa Italia ukaagiza "latte" bila kutaja kahawa, utaletewa maziwa matupu. Moka ya menyu ni late yenye chokoleti. Usiichanganye na birika la moka la jikoni, ambalo presha yake haifiki hata bari 3, hivyo halitoi espreso.

Kupiga povu kunataka maziwa baridi ya friji. Fungua mvuke kwanza utoe maji yaliyomo kwenye bomba. Weka ncha chini kidogo ya uso wa maziwa usikie mlio wa karatasi inayochanwa: sekunde tatu au nne kwa late, mara mbili ya hapo kwa kapuchino. Kisha izamishe na uinamishe jagi ili maziwa yazunguke. Jagi likianza kuunguza kiganja, funga. Hapo ni karibu nyuzijoto 60. Ukivuka 70 utamu unapotea na harufu ya maziwa yaliyopikwa inashika kikombe. Maziwa yanayokaribia kuharibika hupanda vizuri, halafu povu linapasuka dakika ile ile, na hakuna ufundi wa mkono utakaoliokoa. Povu zuri linang'aa kama rangi ya mafuta iliyotoka koponi, halina mapovu ya sabuni. Likiwa na mapovu machache, gonga jagi mezani, lizungushe, na umimine papo hapo, kabla povu halijajitenga na maziwa.