Kutafuta risasi ya .22 inayokubaliana na mtutu wako

Bunduki mbili za .22 (zile ndogo za risasi nyembamba ya milimita 5.6) za kiwanda kimoja, modeli ileile, zinaweza kutofautiana kabisa kwenye risasi. Moja itaikubali risasi ya kiwanda cha Eley na kuikataa ya RWS, ya pili kinyume chake. Kwa hiyo anayekuambia "nunua hii, ndiyo kiboko" anakupa habari za mtutu wake, si wako. Wa kwako utaujua kwa kuupiga, na kwa sisi wa Mtwara na Lindi, ambao boksi la risasi za shabaha hulifuata Dar es Salaam, kosa la kununua kwa jina ni kosa ghali.

Risasi ya .22 haijazwi upya nyumbani kama za bunduki kubwa. Fataki yake, kile kilipuzi kinachowasha baruti, imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda: kiwandani huwekwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili fataki isambae ukingoni pote. Isiposambaa sawa, baruti haiwaki sawa, na mwendokasi unapanda na kushuka toka risasi hadi risasi. Hesabu yake ni rahisi. Risasi inayotoka kwa mita 325 kwa sekunde hufika mita 50 kwa takriban sekunde 0.16. Ikitokea ya pili yake iko chini kwa mita 10 tu kwa sekunde, itapiga chini kwa milimita 7 au 8. Kwenye mita 100, tofauti hiyohiyo ni sentimita 3. Hakuna darubini wala pumzi nzuri itakayoirekebisha. Unachonunua ndicho utakachopiga.

Anza na zile za mwendo wa kawaida, zenye kichwa cha uzito wa greni 40 (gramu 2.6 hivi) na kasi ya mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Zile za kasi, za mita 380 hivi, waachie wawindaji. Huanza juu ya mwendo wa sauti, halafu huvuka kushuka chini yake zikiwa njiani, na pale ndipo zinapoyumba. Tena, ajabu yake, upepo huzisukuma zaidi kuliko za polepole. Bei ya kati kuna SK Standard Plus na CCI Standard. Juu kuna Lapua Center-X na Midas+, Eley Tenex, RWS R50. Mwanzoni SK na Center-X zinatosha kukuonyesha mtutu wako una tabia gani. Kukimbilia Tenex kabla hujajua kama skrubu za bunduki zimekaza ni kutupa pesa.

Kisha tazama namba ya loti, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani, ile iliyopigwa muhuri kwenye boksi. Hiyo ndiyo ya maana kuliko jina. Loti mbili za Tenex zinaweza kuachana kuliko Tenex nzuri na SK nzuri. Ndiyo sababu Lapua na Eley wana vituo ambako mpigaji hupeleka bunduki yake ikajaribiwe loti baada ya loti. Sisi tutafanya kienyeji: boksi mbili za kila loti, loti tatu au nne, zipigwe asubuhi moja.

Asubuhi, nimesema. Upepo wa mita moja tu kwa sekunde ukitoka ubavuni huisogeza risasi milimita 6 hivi kwenye mita 50, na ukanda wetu wa pwani saa nne ikishafika upepo wa bahari umeamka. Msimu wa kusi ndio usiseme. Chomeka vijiti vitatu vyenye utepe mwepesi wa nailoni, mita 10, 25 na 40, na usifyatue mpaka vyote vilegee. Nyuma ya shabaha weka tuta la udongo laini. Kichuguu kikavu hakifai, ni kigumu na kichwa cha madini ya risasi kikikigonga huruka kando, na .22, kwa udogo wake wote, huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Mashamba yetu ya mikorosho yana njia za watu kila upande. Kibali nacho kiwe mkononi, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na idadi utakayonunua iendane na kibali chako.

Egemeo ni mifuko miwili ya mchanga, mmoja mbele chini ya mbao iliyo chini ya mtutu, mmoja nyuma chini ya kitako. Miguu ya suruali za jinzi kuukuu inafaa sana, ishonwe mara mbili. Mchanga wa ufukweni usitumie kama ulivyo, una chumvi, unavuta unyevu na kutia bunduki kutu. Uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa kwanza. Meza iwe ya saruji au ya miguu mitatu, isitikisike.

Safisha mtutu, kisha piga risasi 10 hadi 15 za bure kabla hujaanza kuhesabu. Ukibadili aina, zipigwe nyingine 10 za bure, kwa sababu kila kiwanda kina mafuta yake kwenye kichwa cha risasi na mtutu lazima upakwe upya. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanailaumu risasi ya pili kwa uchafu wa ile ya kwanza. Baada ya hapo piga makundi matano ya risasi tano kwa kila loti. Kundi moja halisemi kitu: loti moja inaweza kukupa kundi lenye upana wa milimita 10, likafuata la 20, na zote mbili ni za kawaida. Pima ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa matundu yaliyo mbali zaidi, toa 5.6, ambao ni upana wa risasi, halafu tafuta wastani wa makundi yote. Usilitupe lile baya.

Kipimo cha kujilinganisha ni duara la kumi la shabaha ya mita 50 ya kimataifa, lenye kipenyo cha milimita 10.4. Tundu likigusa tu mstari linahesabiwa kumi, hivyo makundi yanayobaki ndani ya milimita 16, katikati hadi katikati, yanaweza kukaa kumi yote. Loti inayotoa wastani wa 13 na kundi baya la 16 ni bora kuliko yenye wastani wa 12 na moja la 22.

Matundu yakijipanga wima, shuku mwendokasi. Yakitambaa kulalia upande mmoja, shuku utepe wako ulikudanganya. Yakiwa ovyo kwa kila loti, risasi haina kosa: kaza skrubu za mwili na za darubini, na chunguza chemba, pale ganda linapokaa. Pete ngumu ya masizi mbele ya chemba hufanya bolti, lile komeo la kufungia chemba, kuwa nzito kufunga na kukwangua kila risasi inayopita. Brashi na dawa ya kusafishia ndiyo tiba. Risasi isiyolipuka, mtutu ubaki ukielekea tutani kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Na ukiitoa nzima kutoka chemba finyu, fanya polepole, kichwa chaweza kubaki mtutuni na baruti ikamwagika.

Uhifadhi kwetu ni kazi yenyewe. Risasi zikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na pakiti za kunyonya unyevu, ndani ya kabati la silaha, si kwenye gari lililosimama juani Masasi. Joto huzidisha kasi na kulegeza mafuta. Ukiona unga mweupe kwenye madini ya kichwa au ukijani kwenye ganda, zipeleke kwenye mazoezi ya kawaida. Usizifute, utaondoa mafuta. Usizimwage mfukoni pia: punje moja ya mchanga ikinata kwenye mafuta hayo inakwaruza mtutu kwa kila mlio.

Loti iliyoshinda nunua ya kutosha msimu mzima kadiri kibali kinavyoruhusu, na unapoagiza nyingine bakiza boksi moja la ile ya zamani, ili mpya na ya zamani zipigwe kwa zamu, kundi kwa kundi, meza ileile, kabla ya saa nne.